Siku Niliyoitikia Jina Lako

Mercy,

Umeenda kusukwa nywele pale Njoro mjini, umesema hutarudi kabla ya saa kumi. Baba yako yuko kwa fundi na begi lako kubwa, lile lililoharibika zipu. Nimebaki peke yangu, kwa hivyo nimetafuta daftari la zamani la mdogo wako Joperis, nikachana karatasi za katikati, nikakaa mezani. Nataka nimalize kabla hujaingia. Ukinikuta utaniuliza naandika nini, na nikikujibu kwa mdomo najua nitarudia ile hadithi niliyokusimulia tangu ukiwa mdogo. Hadithi hiyo si ya kweli yote.

Sitakuandikia habari za maji ya kunywa wala za chandarua. Mume wako Dennis amefundisha huko Lodwar unakohamia mwaka mzima sasa, atakuonyesha mwenyewe. Nataka kulijibu lile swali lako la Jumapili.

Tulikuwa tunakula. Ulisema, "Mum, jina la upande wa kina Dennis liko tayari, hilo halina maneno. Lakini hili lingine tunataka Liam, na kanisani tayari kuna akina Liam wanne. Nijali ama nisijali?" Baba yako akacheka, akasema hata yeye darasani walikuwa akina Josphat watatu na hakuna aliyekufa. Mimi niliweka sahani chini nikatoka, nikasimama kwa ng'ombe mpaka mkamaliza kula. Baadaye ulikuja ukaniuliza kama nimekasirika. Nikakuambia ni kichwa.

Hakikuwa kichwa. Nilikuwa nimeogopa, mpaka nikashindwa kufungua kamba ya ndama. Na sijaacha kuogopa tangu Jumapili. Unaenda mbali, una mimba ya miezi mitano, utajifungua mahali ambapo sijui mlango wa hospitali unaangalia wapi, na kuna jambo ambalo nimelificha miaka ishirini na mitatu.

Wanjiru halikuwa uamuzi wangu. Wewe ni msichana wetu wa kwanza, ukachukua jina la mama ya baba yako, na ndiyo maana mpaka leo baba yako anakuita mami. Nililoachiwa mimi ni moja tu, la ubatizo. Nililifikiria mimba nzima.

Mimi, kama unavyojua, ni Peris. Shule yetu yote haikuwa na Peris mwingine. Siku ya kwanza mwalimu alilisoma vibaya akasema Pasi, na mambo yakaishia hapo. Miaka minane niliitwa Pasi. Wavulana wakiniona wananipulizia, fuu, fuu, eti wanachochea makaa. Nikaapa mtoto wangu hatapitia hayo. Mwaka uliozaliwa wewe, kila Jumapili ya ubatizo palikuwa na Mercy. Mercy wa mwenyekiti wa akina mama, Mercy wa fundi cherehani, Mercy pacha wa Moses. Nikasema hili ndilo. Watu wameshalizoea, hakuna atakayelitazama mara mbili. Watu wakiniuliza nilisema nimekuita hivyo kwa sababu ya rehema za Mungu. Ukweli ni kwamba sikufikiria rehema hata dakika moja. Nilipenda kwamba mko wengi.

Ukiwa na miaka mitatu ukapata homa ya mapafu, tukapelekwa hospitali moja Nakuru. Hadithi unayoijua inaanzia hapo: sista alichanganya majina, akakuwekea damu ya mtoto mwingine, Mungu akakuokoa. Nimeisimulia mbele za watu wengi, na kila mara namalizia kwa kusema kwamba jina la kawaida karibu linipokonye mtoto. Watu hutikisa kichwa. Wengine wamebadilisha majina ya watoto wao kwa sababu yangu.

Sasa nisikilize.

Wodi ilikuwa imejaa, kila kitanda watoto wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Mwenzako alikuwa msichana wa rika lako, amekonda, midomo imepauka. Mama yake alikuwa kijana kama mimi. Alikuwa akikata maua kwenye shamba moja Naivasha na kuishi chumba cha kukodi Karagita. Nilimuuliza mtoto anaitwa nani.

"Mercy," akasema. "Mercy Wanjiru."

"Wacha! Na huyu wangu ni Mercy Wanjiru."

Tulicheka, Mercy, tulicheka kwa sauti katikati ya wodi ile, mpaka watoto wakaamka. Kuanzia hapo tukawa tunaitana Mama Mercy, yeye mimi, mimi yeye. Alinigawia uji wake wa asubuhi. Nilimshikia mtoto akienda kuoga. Sikumuuliza jina lake mwenyewe hata mara moja.

Mtoto wake alikuwa amepungukiwa na damu vibaya sana. Daktari aliamuru aongezewe, lakini ya kundi lake ilikuwa haipatikani, kwa hivyo mama yule alishinda akienda maabara na kurudi, karatasi yenye namba ya faili mkononi. Wewe daktari alisema ni mapafu, udungwe sindano kila baada ya saa sita, utapata nafuu polepole. Hakuna mtu aliyetaja damu kwako. Narudia hapo ili usije ukanitetea. Hakuna aliyeitaja.

Siku ya tatu ulikuwa na hali mbaya. Mbavu zako zilikuwa zinaingia ndani kila ukivuta pumzi. Bibi mmoja wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amemleta mjukuu, akaniambia watoto wanaoongezewa damu huamka kesho yake wakidai chai. Alikuwa anaongea tu, ananipitishia wakati. Mimi neno lile lilinishika. Nikaanza kuona wivu. Mtoto wa mwenzangu anahangaikiwa na maabara nzima, wangu anadungwa sindano na kuachwa hapo.

Mchana, Mama Mercy alitoka kununua uji nje ya geti. Sista akaingia na mfuko wa damu. Alikuwa msichana mdogo, siku hiyo yuko peke yake kwa wodi nzima, na alikuwa anatembea kama mtu anayekimbia. Akaita, "Mama Mercy Wanjiru!"

Niliitika. Hiyo si dhambi, hata mimi nilikuwa Mama Mercy Wanjiru. Akaja mpaka kitandani, akawatazama nyote wawili mmelala, akanigeukia.

"Ni huyu wako ndiye wa kuongezewa damu?"

Aliniuliza, mwanangu. Hicho ndicho ambacho hujawahi kukisikia, wala baba yako. Yule sista aliniangalia usoni akaniuliza.

Nikasema, "Ndio."

Nimetafuta sababu miaka yote hii. Siku nyingine nasema niliogopa kumkatalia sista asije akaturuka. Siku nyingine nasema nilifikiri daktari amebadilisha mawazo bila kuniambia. Zote mbili zina ukweli kidogo. Lakini nilijua. Katika sehemu fulani ya kichwa nilijua mfuko ule ni wa nani, na nikaona ukifa wewe akabaki yule sitavumilia. Kwa hivyo nikashika mkono wako ili sista apate mshipa.

Zilipita dakika chache. Ukaanza kutetemeka. Ukafungua macho ukasema mgongo, mgongo unauma, na ukawa moto ghafla. Sista alikuwa ameshafika upande wa pili wa wodi. Mimi nilisimama pale. Nilijua nimekuua na nilikuwa naogopa kupiga kelele kwa sababu wangeniuliza nilisema nini.

Mama Mercy akarudi na uji. Alitazama mfuko, akatazama ile namba iliyoandikwa juu yake. Namba hiyo alikuwa ameibeba siku tatu, hakuhitaji kuisoma mara mbili.

"Hii ni ya wangu," akasema. Halafu akakuona unavyotetemeka.

Angeweza kunirukia. Angeweza kuililia damu ya mtoto wake. Aliweka uji sakafuni, akaukunja mrija wa damu kwa vidole vyake, akaubana, na kupiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena. "Sista! Sista, kuja! Huyu siye!" Hakuuachia mrija mpaka sista akafika akautoa. Daktari akaja mbio. Siku mbili mkojo wako ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilikaa nikihesabu pumzi zako, na kila nilipofumba macho niliona vile vidole.

Siku iliyofuata msimamizi wa wauguzi aliniita ofisini. Sista alikuwa amesimama kando ya dirisha, macho yamevimba.

"Mama, huyu anasema alikuuliza. Alikuuliza?"

Nikasema, "Hakuniuliza."

Sista alinitazama tu. Alihamishwa wiki hiyo hiyo, au alifukuzwa, sikujua. Ni kweli alipaswa kusoma namba ile mwenyewe, hakupaswa kunitegemea mimi. Lakini aliuliza, na mimi nikamfanya mwongo mbele ya mkubwa wake. Huyo sijampata mpaka leo, na sijui hata pa kuanzia.

Damu ile ilimwagwa. Yule Mercy mwingine akabaki akingoja nyingine. Kesho yake asubuhi niliamka nikakuta upande wake wa kitanda uko mtupu. Bibi wa jirani akaniambia walimbeba alfajiri na mama yake alikuwa analia. Nilingoja mtu aniambie amepelekwa wapi. Hakuna aliyeniambia na sikuuliza. Tulikaa pale siku tisa nyingine, ukaanza kukaa, ukaanza kudai chapati. Kila sista alipopita nilikuwa na swali mdomoni nikalimeza. Tulirudi nyumbani, watu wakaja kutupongeza, nami nikaanza kulaumu jina.

Unaona jinsi lilivyonisaidia. Jina haliwezi kujibu. Nililitupia kila kitu.

Joperis alipozaliwa, nikasema huyu hatafanana na mtu yeyote duniani. Nikachukua jina la baba yako na langu nikayaunganisha. Bibi yako Wanjiru alijaribu kulitamka akachoka, akawa anamwita Kamau tu, jina la babu yake. Wewe mwenyewe umemwona mdogo wako. Cheti cha kuzaliwa kinasema Joperis, cha shule Joperes, kitambulisho Jopheris. Ameapa mbele ya wakili mara mbili kwamba hao watatu ni yeye. Juzi ameniambia akipata mtoto atamwita John na hataki kusikia maneno ya mtu. Mimi nilifikiri nimemlinda. Nilikuwa nimeuhamisha woga wangu kutoka mtoto mmoja hadi mwingine.

Ndiyo maana Jumapili uliponiuliza ujali ama usijali, nilikosa pa kusimama. Nikisema jali, chagua la peke yake, nitakuwa naendeleza ule uongo. Nikisema usijali, utaniuliza mbona nimewatisha wanawake wote wa kanisa. Ili nikujibu ilinibidi nijue mtoto yule alikwenda wapi.

Jumatano nilikuambia naenda kumwona shangazi yako Naivasha. Nilikudanganya. Nilienda Karagita.

Sikujua jina lolote isipokuwa Mama Mercy. Nilimuuliza muuza mboga mmoja karibu na barabara. Alicheka.

"Mama Mercy yupi, mathe? Hapa ukiita Mama Mercy wanatoka kila mlango."

"Alikuwa akikata maua. Mtoto wake alilazwa Nakuru, zamani."

"Hapa sote tumekata maua."

Nilipelekwa kwa Mama Mercy mmoja, ni msichana mdogo kuliko wewe. Wa pili, mtoto wake aliyelazwa alikuwa mvulana; Mercy ni dada wa huyo mvulana, na amehama. Jua likawa kali, miguu ikavimba, na kila mlango uliofunguliwa niliomba asiwe yeye. Nilikuwa namtafuta na naomba nisimpate. Mwisho nikaelekezwa kwa mama mzee mwenye ploti ya vyumba kumi, aliyeishi hapo tangu wakati hakuna stima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni Rahabu," akasema. "Alihama, yuko Gilgil. Namba yake ninayo. Kila Krismasi hunipigia."

Aliniandikia kwenye kipande cha gazeti. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza, na mtoto je? Nikashukuru nikaondoka. Nimekaa na kile kipande tangu Jumatano, ndani ya kiatu changu cha kanisa. Kila ukiingia chumbani nilifikiri utakiona.

Nimeandika mpaka hapo, nikaweka kalamu, nikapiga simu.

Sasa nimerudi mezani.

Simu iliita sana. Halafu sauti ya mwanamke ikasema haloo, kuku wakilia nyuma yake. Nikasema, "Ni Rahabu?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

Nikashindwa niseme mimi ni nani. Nikasema, "Ni Mama Mercy. Wa Nakuru. Tulilala kitanda kimoja watoto wakiwa wagonjwa."

Nilisikia kuku tu. Nikajua sasa ataniambia mtoto wake alikufa.

"Yule wa damu?"

"Ndiye."

"Aki dada," akasema. "Mtoto wako alipona?"

Alianza yeye kuuliza, Mercy. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, kwa kilio, kwa simu kukatwa. Sikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Nikamwambia umepona, una miaka ishirini na sita, umeolewa, una mimba. Nikasikia anakaa chini. Akasema asubuhi ile walihamishwa kwenda chumba cha wagonjwa mahututi na alikuwa analia kwa sababu alikuacha wewe unakojoa damu, na wote waliomwona wakati ule walimwambia hutafika jioni. Damu ya mtoto wake ilipatikana mchana wake kutoka kwa mjomba. Alirudi wodini baada ya wiki mbili akakuta tumeshaondoka, na hakuthubutu kuuliza kama tuliondoka na wewe hai au vinginevyo.

"Na wako?" nikamuuliza.

"Yuko hapa nje anaanua nguo. Ngoja nimwite?"

Nikasema asimwite kwanza. Nikamwambia kuna jambo. Nikamwambia sista aliniuliza, na nikasema ndio, na nilijua. Nilisema yote upesi kabla sijabadili nia.

Nilimsikia akifukuza kuku. Kisha akasema, "Nilikuwa najua."

"Ulijuaje?"

"Ulikuwa umemshika mkono, umenyoosha. Hakuna mama anayefanya hivyo bila kuulizwa."

Hakusema amenisamehe. Sitakuongezea lisilokuwepo. Alisema ana ugali jikoni, atanipigia kesho, na kwamba angependa kujua mtoto wako akizaliwa. Halafu akakata. Sijui kama atapiga. Nimekaa hapa nikiogopa kwamba hatapiga, na nikiogopa zaidi kwamba atapiga.

Kwa hivyo jibu lako ni hili, na ni dogo kuliko ulivyongoja. Usimchagulie mtoto jina kwa sababu limejaa watu, na usilikimbie kwa sababu limejaa watu. Mimi nimefanya yote mawili na mara zote mbili nilikuwa nawaza juu yangu. Kama unapenda Liam, mwite Liam. Wa tano kanisani ama wa hamsini, kwako atakuwa huyo mmoja.

Ninachoogopa si jina tena. Naogopa siku utakayokuwa umesimama kando ya kitanda, umechoka, mtu mwenye koti jeupe anakuuliza swali rahisi, na jibu la kweli linaonekana kama linamnyima mtoto wako kitu. Sijui utasema nini. Nilifikiri mimi ni mtu mwema mpaka dakika ile. Naogopa kwamba una damu yangu, na naomba katika hili ufanane na baba yako.

Utakapokuwa unasoma haya mtakuwa mmepita Kitale, na hutaweza kurudi kunitazama usoni, na nakiri ndiyo maana nakuwekea barua hii ndani ya begi badala ya kukuambia. Bado mimi ni mwoga, unaona. Unaweza kukasirika. Unaweza kukaa wiki bila kunipigia, nitaelewa. Baba yako nitamwambia mwenyewe kesho mkishaondoka, akimaliza kukama, kwa sababu nikiahirisha tena sitamwambia milele.

Lakini mwezi wako ukifika nitapanda gari nije Lodwar, uniite usiniite. Nitakaa kwenye benchi nje ya mlango wao. Na mtu akitoka akauliza mama wa Liam yuko wapi, mimi nitasimama nimuulize Liam yupi, namba gani, na nitamuuliza tena na tena hata akinifokea, mpaka niwe na hakika.

Mama yako,
Peris